Shajara ya Kazuya: wiki kumi bila Eddy

Jumapili, 1 Septemba 2024

Kibandani kwetu, kile cha kuchezea gemu, kuna runinga sita. Tano ni za mpira, na moja, ile ya kona karibu na friji ya soda, ndiyo ya Tekken 8, gemu ya mapigano. Ni moja kwa sababu Tekken 8 haipo kwenye PlayStation 4 (PS4), na mwenye kibanda ana PS5 moja tu. Ndani ya hiyo PS5, mpiganaji wangu Eddy Gordo hayumo. Gemu ilipotoka Januari mwaka huu ilikuja na wahusika 32; Eddy alifuata Aprili, na anauzwa kivyake. Nilimwomba mwenye kibanda amnunue. Akanijibu bila hata kugeuka, "Huyo Eddy anacheza namba ngapi?"

Mimi na Eddy tumetoka mbali. Nilimkuta kwenye Tekken 3, ile ya PlayStation ya kwanza, na sijamwacha. Nyumbani ninaye kwenye kompyuta, nimeshamlipia. Lakini kibandani, Dogo anayecheza na mhusika Hwoarang amenipa jina la Mtazamaji, kwa sababu bila Eddy nakaa kwenye benchi nikinywa soda. "Shikamoo anko, leo unatazama mechi ngapi?" Marahaba.

Basi nimechagua mhusika mwingine, Kazuya. Sababu ya kwanza ni kwamba yumo kwenye hiyo PS5. Ya pili ni majivuno, na afadhali niikiri mapema. Tangu enzi za Tekken 3, anayemchagua Eddy huambiwa hachezi, anakanyagakanyaga vitufe vya mateke tu. Kazuya hakuna anayemsemea hivyo. Tena kwenye Tekken 3 Kazuya hayumo kabisa, alirudi Tekken 4, kwa hiyo kwangu mimi amekuwa kama yule kaka mkubwa wa mtaa anayesimuliwa lakini hujawahi kumwona.

Lengo: kumfunga Dogo mechi tano kati ya kumi kabla Novemba haijaisha. Eddy sitamgusa.

Jumanne, 3 Septemba

Mchezaji wa Kazuya hupimwa kwa pigo moja, ngumi ya umeme. Ni hivi: mbele, achia, chini, kona ya chini-mbele, kitufe cha pembetatu. Ugumu uko mwishoni. Ile kona na ile pembetatu lazima zifike kwenye fremu moja. Tekken inakwenda fremu, yaani picha za skrini, 60 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni kama milisekunde 17. Ukichelewa hata fremu moja ngumi inatoka, lakini inatoka kavu, bila cheche.

Na cheche si mapambo. Ngumi kavu ikikingwa, unabaki nyuma fremu 10, na jabu, ile ngumi fupi ya haraka, ya fremu 10 inapatikana karibu kwa kila mtu, kwa hiyo unachapwa bure. Yenye cheche ikikingwa, wewe ndiye unayetangulia, tena kwa fremu 5. Milisekunde 17 zinakutoa kwenye udai na kukuweka kwenye udaiwa.

Leo nimejaribu mara 100. Cheche: 9.

Jumapili, 8 Septemba

34 kati ya 100.

Kilichosaidia ni kuacha kutazama mpiganaji na kutazama orodha ya vitufe pembeni ya skrini. Chumba cha mazoezi kinaonyesha kila mwelekeo umeushika kwa fremu ngapi. Nikaona kona inakaa peke yake fremu tatu, nne, ndipo pembetatu inafika. Kumbe nilikuwa nasubiri kidole gumba cha kushoto kifike ndipo nimtume cha kulia. Hapo umeshachelewa. Inabidi wote wawili waondoke nyumbani kwa wakati mmoja ili wakutane njiani. Sasa naimba kimoyomoyo: ta... ta-ta. Silabi ya mwisho ni ya vidole viwili.

Kidole gumba cha kushoto kina lengelenge. Fundi wa Kariakoo amenibadilishia raba za ndani za padi ya kuchezea. Zile za zamani upande wa chini zilikuwa zimelala kabisa. Aliniuliza nacheza nini hadi kitufe kimoja kinachakaa hivi. Nikamwambia mpira.

Jumamosi, 14 Septemba

Mara ya kwanza kibandani na Kazuya. Mechi kumi, nimefungwa kumi.

Sitaki kuandika mengi ila hili: cheche nimeona nne siku nzima. Nyumbani nafikisha karibu nusu, hapa nne. Nikasema ni woga, macho ya watu, makelele ya wale wa mpira. Na vidole vyenyewe bado ni vya Eddy. Kila nikibanwa kwenye ukuta, gumba la kulia linakimbilia mateke lenyewe kama mbuzi anayejua njia ya zizini.

Dogo aliniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Anko, huyu Kazuya wako ana shida gani?"

Jumanne, 17 Septemba

Wiki hii umeme naufanya dakika kumi tu, basi. Zilizobaki ni za vitu visivyong'aa.

Kuna mraba, mraba, pembetatu: ngumi tatu za haraka, ya kwanza fremu 10, adhabu ya kila mtu aliyekosea kidogo. Usizitupe hovyo, maana zikikingwa zote unaadhibiwa wewe. Kuna chini-mbele na pembetatu, ngumi moja ya katikati ambayo ikimkuta mtu anaanza pigo lake, inamwacha akiyumba na kombo nzima, mapigo ya mfululizo, ni yako. Na kuna ile ya kuinuka kutoka kuchuchumaa, mraba kisha pembetatu, fremu 13, inayomrusha mtu hewani. Ukikinga pigo la chini unakuwa tayari umechuchumaa, kwa hiyo hiyo ndiyo risiti unayompa.

Niliposoma kwamba wachezaji wa Kazuya wanaitamani kuliko hata umeme sikuamini. Bado siamini sana.

Jumapili, 22 Septemba

Leo nimevunja sharti, lakini kwa ujanja. Eddy sikumcheza, nimepigana naye.

Tekken 8 ina kitu cha ajabu: inakutazama unavyocheza na kutengeneza mzimu wako. Ule mzimu unapiga unavyopiga, unarudi nyuma unavyorudi, mpaka na upumbavu wako umo. Wa Eddy wangu umelishwa mamia ya mechi. Nikamchukua Kazuya, nikauita.

Mechi mbili za kwanza ulinifunga. Ya tatu nikaanza kucheka mwenyewe chumbani. Kila ulipokinga pigo, kila mara, ulijibu kwa teke la chini. Kinga, teke la chini. Kinga, teke la chini. Nikaanza kusubiri: nachokoza kwa jabu, naukalisha mzimu kwenye kinga, nachuchumaa, teke linakuja, nakinga, nainuka na mraba-pembetatu, mzimu unaruka juu. Nimeufunga kumi na mbili mfululizo, umeme sikuugusa.

Kicheko kikaisha nilipokumbuka kwamba huyo ni mimi. Yaani Dogo, ambaye tulikuwa tukicheza nyumbani kwangu Mei na Juni, amekuwa akinisubiri kwenye teke la chini miezi yote hiyo.

Nikafungua rekodi za zile mechi kumi za kibandani. Kazuya ana ufagio wa chini unaotokea kwenye hatua ileile ya umeme, ila mwisho ni duara badala ya pembetatu. Ukiingia unamwangusha mtu. Ukikingwa, andaa sanda, maana anakurusha na kukumaliza. Nilikuwa naufyatua lini? Baada ya kukinga. Kila mara. Nimebadilisha mhusika, tabia nimehama nayo na godoro lake.

Jumamosi, 28 Septemba

2 kwa 8. Mbili hizo zote nimezipata kwa kukaa kimya baada ya kukinga. Dogo anachuchumaa kusubiri ufagio ambao hauji, namkuta na ngumi ya katikati.

Cheche: chache mno. Woga bado?

Ijumaa, 4 Oktoba

Heihachi, mhusika aliyeongezwa kwenye gemu, ametoka jana kwa watu wote, na huko mtandaoni kila ukikutana na mtu ni yeye. Ni baba aliyemtupa mwanawe korongoni, na mwanawe ni Kazuya, yaani mimi. Nimetupwa tena mara tisa jana usiku. Naye ana umeme huohuo, ila wa wenzangu wanaomtumia unatoka.

Mtandaoni kuna adha nyingine. Gemu inamwonyesha mpinzani kama umeunganishwa kwa waya au hewani. Mimi nacheza kwa bando la simu, alama ya hewani inaonekana, watu wanakataa mechi kabla hawajaniona hata jina. Wanaokubali wengi ni wale wenye bando kama langu, basi tunaonana kama picha za pasipoti, moja moja.

Nimetazama tena mechi za Arslan Ash, bingwa wa Tekken kutoka Lahore, Pakistani. 2019 alichukua EVO, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, ya Japani na ile ya Las Vegas mwaka uleule, zaidi akiwa na mhusika Kazumi. Kazumi kwenye Tekken 8 hayupo. Hakuna wa kumnunua, hakuna wa kumsubiri. Mwaka huu Julai Arslan kashinda EVO tena, na mtu mwingine mkononi. Kilichonivutia zaidi kwenye zile mechi ni jinsi anavyokaa bila kubonyeza chochote. Anarudi nyuma kwa ule mrudisho wa Kikorea, nyuma-nyuma-kona-nyuma, pigo la mwenzake linapita mbele ya pua, ndipo anajibu. Niliposimamisha video nikahesabu alichofanya kwa sekunde nne: hatua tu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku ya Nyerere, shule zimefungwa, kibanda kimejaa hadi nje. Naandika usiku huu kwa sababu nimegundua kitu na nisipokiandika nitalala vibaya.

Utaratibu wetu ni mshindi anabaki. Dogo hushinda, kwa hiyo Dogo hubaki na padi namba moja, na sisi wengine tunapokezana namba mbili. Leo katokea kijana mgeni na mhusika wake Paul Phoenix, kamng'oa Dogo. Halafu yule mgeni akaitwa na mama yake kwa simu, akaondoka, padi namba moja ikabaki wazi. Nikaikalia.

Nilicheza na watoto wawili watatu. Cheche! Moja, mbili, tano. Mtu mmoja nyuma akasema "aisee." Nilijisikia kama nimelipiwa kodi ya nyumba.

Zamu ya Dogo ikafika. Akainama, "Anko, samahani, tubadilishane padi. Hiyo X yake inanata, nisije nikaonekana nakuonea." Mtoto mwenye adabu. Nikampa. Nikarudi namba mbili, na cheche zikakata kama LUKU iliyoisha. Saba bila.

Nimefika nyumbani nikafungua chumba cha mazoezi. Ukiingia humo unawekwa kushoto. Wiki sita hizi zote nimefanya mazoezi nikiwa kushoto, nikitazama kulia. Nikahamia kulia. Mbele sasa ni mshale wa kushoto; gumba linavutwa ndani badala ya kusukumwa nje.

Kushoto: 71 kati ya 100.
Kulia: 12.

Padi namba mbili huanzia kulia. Na ile X haikuwa inanata hata kidogo; nimeibonyeza leo mchana kutwa.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimefikiria kumwuliza Dogo. Nimeamua hapana. Mtu anayekuibia kwa kukupisha mlangoni humsemeshi, unahesabu mifuko yako.

Jumapili, 20 Oktoba

Kulia peke yake. 26.

Nimejaribu kubadili ushikaji. Kushoto nilikuwa naviringisha ncha ya gumba kutoka chini kwenda nje. Kulia ncha haifai, inakwama kwenye mshale wa chini. Sasa natumia pembeni ya kifundo, gumba likiwa limelala zaidi, na mwendo ni kama kupangusa ukungu kwenye kioo cha simu. Haupendezi, lakini kona inafika.

Alhamisi, 24 Oktoba

41. Halafu umeme wa nyumba nzima ukakatika katikati ya kuhesabu. Nilikaa gizani na padi mkononi nikiendelea kupangusa ukungu. Mke wangu akauliza nafanya nini. Nikamwambia nasubiri umeme. Hakuona cha kucheka.

Jumamosi, 26 Oktoba

3 kwa 7, mechi zote kumi nikiwa kulia. Sikuomba padi namba moja, ingawa Dogo alikuwa ameishika kwa nguvu kama nauli.

Kuna shida mpya, au ya zamani niliyokuwa siioni kwa sababu nyingine zilikuwa zinaniua kwanza. Dogo ananikwepa pembeni, na daima kushoto kwake. Umeme unapita, ngumi ya katikati inapita, yeye yuko ubavuni anapanga mateke. Huo ni ugonjwa wa Kazuya mwenyewe, nimeuliza wajuzi: kushoto kwa mpinzani ni mlango ambao hajawahi kuwa na komeo lake. Kuna mapigo yanayomfuata mkwepaji, gemu yenyewe imeyawekea alama kwenye orodha, lakini ya Kazuya hayana utamu, ukimpata humpati sana.

Nimeamua kuyatumia hivyohivyo. Moja kila raundi, mapema, hata kama halina faida, ili Dogo ajue kuna mtu anakaa pale mlangoni.

Ijumaa, 1 Novemba

Kulia 58. Kushoto nimejipima kwa udadisi, imeshuka hadi 63. Hii haikuwemo kwenye mpango. Sina maelezo zaidi ya kwamba gumba langu ni moja na sasa lina mabwana wawili.

Nimeuita tena mzimu, safari hii wa Kazuya wangu. Umefunzwa kwa mechi chache, bado mchanga. Ulinikinga pigo, nikasubiri ufagio kwa moyo unaodunda. Haukuja. Ulikaa. Nikabonyeza mimi, ukanipiga. Sijawahi kufurahi kufungwa namna ile.

Jumamosi, 2 Novemba

Mvua. Kibanda kilifungwa, paa lile la kona linavuja juu ya PS5 na mwenyewe kaifunika kwa turubai.

Jumamosi, 9 Novemba

4 kwa 6. Lengo sijalifikia, Novemba bado ina Jumamosi tatu.

Mechi ya nane niiandike. Raundi mbili kwa mbili, mimi kulia. Dogo alinikwepa kushoto, pigo langu lisilo na utamu likamkuta, damu kidogo tu ikapungua. Akakwepa tena, nikamkuta tena. Mara ya tatu hakukwepa. Alisimama pale akikinga, na mimi nikapangusa ukungu: cheche. Kakinga. Fremu tano ni zangu. Nikapiga nyingine, cheche. Kakinga. Wale wa mpira walikuwa wamesimamisha mechi yao, sijui lini. Kwa mara ya tatu Dogo alijua lazima achuchumae, kwa sababu umeme ni pigo la juu, unapita kichwani kwa aliyeinama. Akachuchumaa. Sikupiga umeme. Nilipiga ile chini-mbele na pembetatu, ya wiki ya tatu, isiyong'aa, na ikamkuta anainuka na teke.

Alinyamaza kidogo, akasema, "Anko, unasubirisha sana siku hizi."

Mechi ya tisa na ya kumi alinifunga bila huruma. Nikatoka nje kununua maji. Niliporudi kwa mechi za mwisho za kirafiki, Dogo alikuwa ameshakaa. Padi namba moja ilikuwa mezani upande wangu, imewekwa vizuri, waya umekunjwa. Yeye alikuwa ameshika namba mbili.

Nikaitazama ile padi. Nikajaribu kukumbuka nilivyokuwa nikiviringisha ncha ya gumba, kwenda nje, wakati nafikisha 71.